Penseli Pambizoni

Kitabu nilikiazima kwa Edina wa Chumbageni,
jalada limechanika, joka limebaki mkia na moshi.
Baba, Mwinjilisti Kihiyo, alikiona chini ya mto wangu
akakichukua bila kugomba.
"Joka," alisema, "tunalijua hilo. Ufunuo, kumi na mbili."

Usiku koroboi haikuzimwa.
Nilisikia kurasa. Nilisikia akikohoa,
kisha kimya cha mtu aliyesahau kukohoa.

Alinirudishia asubuhi, kando ya uji.
Pambizoni, kwa penseli ile ya kuandikia sadaka,
visalaba vidogo kama nyayo za ndege.
Pale mlinzi wa lango anapotoa jina lake
ili mji wa kioo ufunguliwe
(siku tatu hakuna awezaye kumwita,
hata mama yake akifungua kinywa hutoka upepo tu)
Baba kaandika: Ijumaa.
Pale mfinyanzi anapomkuta mtu bustanini, jembe mkononi,
asimtambue mpaka aitwe yeye kwanza,
Baba kaandika: Yohana ishirini,
halafu mstari mrefu uliotetemeka
ukatoka nje ya ukurasa.

Nilikasirika.
Baba, mlinzi alikuwa wangu.
Nilimlilia bila kupiga magoti,
bila kuitwa na kengele.
Sasa kila ukurasa ni mlango uliopigwa namba.
Nani hupasua ngoma aone mlio unakaa wapi?

Hakujibu. Alisema twende Pongwe, kuna mgonjwa.
Nikakaa nyuma ya baiskeli, kitabu kifuani,
tukapita mashamba ya mkonge, mistari na mistari,
na katikati mmoja umepandisha mlingoti,
umechanua huko juu pasipofika mkono,
majani yake ya chini yakikunjamana rangi ya karatasi kuukuu;
maana mkonge huchanua mara moja tu,
na kuchanua ndiko kufa kwake.
Vitoto vyake vilikwisha kuanguka, vimeng'ata udongo.

Baba akapunguza mwendo.
Niliona shingo yake ikijaa neno.
Nikangoja: sura ya ngapi, aya ya ngapi.
Akalimeza.

Mbele kidogo mnyororo ukachomoka.
Akainama, vidole vyeusi kwa grisi,
akihesabu meno ya gia kimoyomoyo,
nami nimeshika usukani, nimegeukia tulikotoka.

"Baba," nikasema, "penseli unayo?"