Kinaachia Kulia

Juisi ya parachichi ikianza kutoka na mabonge
mteja hasemi kitu. Anameza,
anakuachia glasi na machicha yake,
kesho unamwona kwa Mama Rukonge ng'ambo ya barabara,
amekupa mgongo.

Hivyo ndivyo nilivyojua kisu kimekuwa butu.

Hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
kila mtu ana dawa yake.
Saumu wa vitumbua: saga maganda ya mayai.
Nikasaga. Nikapata unga mweupe kama chokaa
na kisu kilekile.
Mwingine akataja chumvi ya mawe. Mwingine barafu.
Singano mnoa visu akaisimamisha baiskeli kwenye stendi,
akakanyaga pedali, jiwe likazunguka,
akakitazama kisu changu chenye ncha nne,
mbili zimeangalia juu, mbili chini,
akanirudishia:
"Mimi nanoa kilichonyooka."

Blenda aliileta dada yangu, Mwajabu,
imeviringishwa blanketi ndani ya sanduku,
kutoka Maskati.
Alikwenda kwa miaka miwili. Ikawa kumi na mmoja.
Tangu arudi anakaa chumba cha uani,
anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.
Hatuulizi. Hasemi.

Usiku ule nilikuwa uani na spana,
nasokota kushoto, kama kila kitu duniani kinavyofunguliwa,
jasho linanitiririka, jagi linanicheka,
akatoka na taa ya simu.
"Kulia," akasema.
"Kulia nini?"
"Kinaachia kulia. Kikizunguka hujikaza chenyewe.
Wewe unazidi kukibana."

Akavuta kigoda. Akatandaza gazeti.
Akakitoa kisu kwa kitambaa,
kidole gumba kikijua mahali pasipo pake.
Chini, kwenye shingo ya chuma,
nyuzi za maembe zilikuwa zimejisokota hadi zikawa kamba,
na mpira wa kuzuia maji umepasuka, mweusi,
unanuka maziwa ya Ramadhani iliyopita.

"Hujawahi kukifungua?"

Miaka mitatu naliosha jagi nje na ndani.
Sikujua kama kuna ndani nyingine.

Siki. Maji ya moto. Mswaki uliozeeka.
Kisha tupa ndogo ya Baba, ya kunolea msumeno,
akaipitisha upande wenye mteremko, upande huo tu,
kwenda mbele, bila kurudi nyuma,
mara sita kila ncha,
akihesabu kwa Kiarabu, chini kwa chini.

"Usikifanye wembe. Hiki hakikati sana, kinapiga.
Ukikizidisha ukali, barafu ya kwanza inaking'oa meno.
Na ncha zilingane. Moja ikiwa nyepesi
mashine nzima inatetemeka."

"Kule," akasema,
na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja kule,
"zilikuwa tatu. Ya nyama. Ya matunda.
Na ya uji wa bibi mkubwa, hakuwa na meno.
Kila Alhamisi usiku nazifungua zote.
Ndiyo saa pekee ambayo hakuna aliyeniita.
Nilikuwa nachelewesha kuzifunga."

Tupa ikaendelea, shii, shii.
Mimi nikashika taa. Mkono ukafa ganzi,
sikuuhamisha.

Asubuhi nikanunua mpira Mgandini, shilingi elfu moja.
Nikatia parachichi, maziwa, tangawizi kidogo.
Nikabonyeza.
Ile iliyokuwa ikikohoa sasa ikapiga mluzi,
na Singano, akipita, akafunga breki.

Kutoka uani: "Zima! Sasa maji na tone la sabuni,
zungusha kidogo, mwaga, kausha.
Usikilaze na maji."

Wahenga walisema kinolewacho hupata.
Kinapata nini, hawakusema.

Leo Alhamisi. Kisu hakina tatizo lolote.
Nimetandaza gazeti.