Futikamba ya Mama Akeyo

Mzunguko wetu una mita mia moja na kumi na moja
na sentimita kumi na mbili,
sawa na ule wa barafu, huko tusikokujua.
Tuliupima kwa futikamba ya Mama Akeyo, fundi wa Kondele,
mara sabini na nne, magoti juu ya saruji
nyuma ya ghala la pamba lililofungwa,
na zile kumi na mbili za mwisho kwa rula ya shule.

Barafu tunayoijua Kisumu
hulala na mbuta ndani ya kreti,
ikifika Kibuye imeshakuwa maji.
Apondi huteleza kwa magurudumu:
kiatu cha kushoto namba thelathini na nane,
cha kulia arobaini, gazeti limejazwa kidoleni.
Ncha za glavu amezishonea vifuniko vya soda.
Kwenye kona huinama, mkono unagusa chini,
cheche.

Mizunguko minne na nusu.
Mimi ni kidole gumba tu.

Ukutani, kwa mkaa:
67.20
64.85
63.02
Hapo tulikwama wiki tatu.
Mtu anaweza kulala na namba, aamke nayo,
ainywe na chai ya rangi.

Jumamosi, kabla ya mvua, alipita kama aliyetukanwa.
Saa ikasema 61.97.
Apondi alikuwa chali, anacheka na mawingu,
nami nimeshika mkaa, siandiki.
Kidole kilikuwa kimetangulia.
Kilimpenda kuliko mstari.

Nikamwambia.
Hakugomba. Alivua kiatu cha kulia,
akatoa gazeti, akalikunja upya.
"Kesho," akasema, "nitafutie mtu asiyenipenda."

Usiku mvua ikaosha chaki yote.
Asubuhi nikarudi Kondele kuazima tena.
Mama Akeyo akaivuta futikamba mbele ya macho,
akasonya:
"Hii imelegea, mwanangu. Tangu mwaka jana
nguo zangu zote zinawapwaya watu."

Nikasimama mlangoni, nikihesabu:
mara sabini na nne, kila mara upana wa ukucha,
kisha mara nne na nusu.

Njia nzima nilikimbia.
Sikujua nitaandika namba gani,
ila mkaa nilikuwa nao mfukoni.