Mlango wa Kinu

Barua iliingia alfajiri, theluji bado haijafagiwa:
"Bi Siranush, naitwa Grover Condori,
nina miaka kumi na sita, naishi Oruro, Bolivia.
Mchezo wako umenikwamia ngazi ya saba.
Mlango wa kinu cha maji haufunguki.
Samahani, sikuununua."

Nilicheka.
Kisha hasira ikafura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Miaka minne nimeuchora mchezo ule,
kila tofali la kinu, kila unyoya wa bata,
macho yanawasha, kodi ya chumba inanidai,
mama anauliza, "Hiyo kazi yako, huliwa?"
Na huyu, aliyeingia kwa dirisha,
analalamika kwamba mlango wa ndani ni mgumu!

Nikaanza kumjibu kwa Kiswahili cha mawakili,
au tuseme Kiarmenia chao, ni kilekile.
Nikaandika *wizi*. Nikaandika *jasho langu*.
Nikaandika *ukiona vyaelea* —
mkono ukagoma.

Maana nani aliyeniundia mimi?
Nilijifunza kuchora ndani ya kontena la bati,
nyumba yetu ya Gyumri tangu tetemeko,
kwa programu ya mjomba Vachagan
aliyoitoa sokoni kwenye bahasha ya kahawia,
diski imeandikwa kwa kalamu ya wino, jina limekosewa.
Bei yake halali ilikuwa mishahara yake mitano.
Na hata angekuwa nayo, angempa nani?
Duka halikuwepo. Kadi ya benki tuliiona sinemani
(sinema nayo ya kunakili,
mtu mmoja kaziba pua, anasema sauti za wote,
bwana, bibi na mbwa).
Hatukujiita wezi.
Tulijiita wenye bahati.

Nikafuta. Nikaandika neno moja: Kwa nini?

Akajibu usiku wao, mchana wangu:
"Nikibonyeza kununua, naambiwa
bidhaa hii haipatikani nchini mwako.
Mama anauza sufi ya alpaka, pesa yake ni sarafu.
Bei yako ni chakula chetu cha wiki mbili.
Halafu Yesid, rafiki yangu mwenye mjomba Hispania,
alinunuliwa halali. Kila akiuwasha anaulizwa yeye nani,
mtandao ukikatika anafukuzwa.
Mimi sijaulizwa chochote."

Hapo nikakaa kimya kirefu.
Mgeni wangu wa heshima nampekua mlangoni,
mwizi amejinyoosha sebuleni, anakunywa chai.

Nilimwambia Hrant, anayetuuzia michezo: kufuli tulitoe.
Bei ya Oruro iwe sahani ya wali na kuku ya Oruro.
Tutafute kibanda cha vocha kule, wauze kwa sarafu.
Akanifungulia mahesabu:
"Kwa kila nakala iliyolipiwa, tisa zimeibwa.
Unataka kuwapa na ya kumi?"
Nikamwambia hao tisa hawakutoroka dukani;
wengi wao duka hawakulifikia.
Wengine, sawa, ni wezi tu,
simu zao ghali kuliko kompyuta yangu.
Hao sina shairi lao.

Mwezi wa pili zikaja: malipo thelathini na moja,
madogo kama punje, yote kutoka mji mmoja.
Kodi hazikulipa. Gesi zililipa.
Mkono ulikuwa na kitu cha kulambwa.
Hrant hakusema nimeshinda, wala sikushinda;
bado tunabishana kila Ijumaa.

Lakini nimesahau kukusimulia mlango.
Niliukagua usiku ule ule wa barua ya kwanza.
Ufunguo wa kinu haukuwa mtoni,
wala mfukoni mwa msagishaji, wala chini ya jiwe.
Sikuwa nimeuweka popote.
Miezi minane walionilipa walifika hapo,
wakasukuma, wakageuka, wakaenda zao.
Aliyeiba
ndiye aliyebisha hodi.