Mifuko ya Bwana Sólyom

Kazi yangu ni mikono.
Nyuso sizitazami, nyuso hudanganya
tangu saa kumi na mbili asubuhi. Laini ya tatu,
kutoka Kőbánya hadi Újpest, Budapest nzima hunipita
na glavu zake, nyufa zake za baridi, kucha zilizotafunwa,
nami, utepe begani, nina neno moja tu: tiketi.

Siku hizi wengi huinua simu.
Kioo kikiwaka kijani, kwisha habari.
Mimi nayakumbuka makaratasi, yalivyokuja na joto la kiganja,
yamekunjwa mara nne, yananuka sabuni au kitunguu,
mengine yameonjwa kwanza na mtoto.

Bwana Sólyom alipandia Kliniki, siku ya Jumanne.
Miaka sitini na miwili; bado mitatu asafiri bure.
Koti la sufu, mfuko wa plastiki wa hospitali magotini,
na ndani yake ndara za manyoya, za kike, ndogo.
Nikasema neno langu.
"Ninayo," akajibu. "Ngoja."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu.
Ya huyu ilikuwa na vituo kumi na vitatu.

Corvin: mfuko wa kulia. Ufunguo. "Nishikie."
Kálvin: kitana kilichong'oka meno matatu.
Ferenciek: risiti ya maua. Akaisoma yote, mpaka bei,
kama barua, ndipo akanipa.
Deák watu wakamwagika, wengine wakamiminika,
mmoja akanikanyaga. Sikuondoka.
Mfuko wa ndani: miwani ya kusomea, si yake;
kokwa la kahawia la bustanini, limesuguliwa likang'aa;
pete, imebandikwa plasta, na juu ya plasta
jina, Aranka, kwa mwandiko wa muuguzi mwenye haraka.
"Nishikie na hii. Angalia isianguke."

Mikono yangu ikajaa.
Nikawa sina mkono wa kuandikia faini.

Nilijua hana. Alijua kwamba najua.
Mama wa mkabala, aliyepakata figili zenye udongo, alijua,
akageukia dirisha, kwenye giza la handaki
ambako hakuna cha kutazama.
Lakini Bwana Sólyom aliendelea kutafuta, kwa adabu,
mfuko uleule mara ya pili, mara ya tatu,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba
ambayo anajua wenyewe wamehama.

"Jaribu wa kushoto," nikasema.
Nyugati. Lehel. "Huko chini, labda imeingia kwenye bitana."
Forgách. "Hatuna haraka."
Miaka kumi na tisa kazini
sijawahi kumwambia mtu hivyo.

Újpest, mwisho wa reli. Sauti ikatuomba tushuke.
Tukasimama jukwaani, nikamrudishia vitu vyake
kimoja kimoja, kinyumenyume,
pete kwanza, ufunguo mwisho.
Kila kitu alikitia mfuko usio wake.
"Nilipaswa kushuka Kálvin," akasema.
Nikamwonyesha upande wa pili.
Hakuuliza nauli, nami sikuitaja.

Csenge, mwenzangu mpya, akapiga simu: wangapi?
Nikamwambia hakuna.

Na msije mkanidhania malaika.
Wakati wa kurudi, hapo Lehel, kijana mmoja,
vipokea sauti masikioni, tiketi imepitwa na dakika nne,
alianza kupekua mifuko.
Nilimaliza kuandika
kabla hajafika wa pili.