Inavuta Kushoto

Kamati imeniuliza, kwa barua yenye muhuri,
kama duka la klabu liuze fimbo zilizotumika.
Nijibu kabla ya Ijumaa, kwa ufupi.
Ufupi siuwezi. Nimebeba mikoba ya watu
miaka kumi na tisa kwenye nyasi hizi za Jinja
kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa duka
na kiti chenye mgongo.

Mweka hazina ameshasema lake:
«Hatutaki Owino yenye nyasi.»
Kipya kinyemi, naye anapenda kinyemi.
Lakini ile seti iliyokuja kwa ndege
imesimama dirishani tangu mvua za mwaka juzi,
ndani ya nailoni yake, kama mwari
ambaye mahari yake imewashinda waposaji.
Kila Jumatatu naipangusa vumbi.
Kwa bei yake ningejenga jiko na choo,
chenji nikanunua mbuzi.

Chini ya kaunta zimelala za wanachama:
fimbo fupi ya Daktari Mugoya, mpini umekula jasho;
ile ya mbao ya Bwana Vadgama wa duka la vyuma;
na namba saba ya marehemu Balyejusa,
ambayo naijua kama jino langu bovu.
Inavuta kushoto. Siku zote kushoto,
kule majanini ambako kiboko hupanda usiku
na kuacha nyayo zenye kina cha sufuria.
Aliyeingia kuutafuta mpira ni mimi.

Makedi wenzangu wanapinga.
Waiswa alinijia na mkono kiunoni:
«Zamani walitupa bure. Leo wewe utuuzie?»
Ana haki. Sikumjibu.
Hakuna kati yetu aliyejifunza kwa fimbo ya kununua.

Ila kupewa nako kuna kamba.
Nilipopewa ya kwanza nilibeba mkoba
Jumapili mbili bila malipo,
ya tatu nikaosha na gari,
na hakuna aliyeniambia, basi, inatosha.

Mpewa hapokonyeki, husema watu.
Mimi nilipokonywa pale langoni,
saa kumi na mbili jioni, mbele ya wauza chapati,
kwa sababu fimbo ilichongwa herufi zisizo zangu.
Mwenyewe yuko Nairobi, simu imezimwa.
Askari Opolot akanikalisha juu ya kokoto
mpaka mbu wakanijua kwa jina.
Kesho yake yule bwana alicheka: «Ah! Nilimpa.»
Neno moja,
limechelewa saa kumi na nne.

Kwa hiyo Kagoya alipoingia jana,
binti wa kedi, naye kedi,
apigaye mpira mbali kuliko wajumbe wenu watatu
(sitawataja),
akaipima namba saba mkononi, nikamwambia:
chukua tu, mjane wake hataiulizia.
Akairudisha juu ya kaunta.
«Sikuja kuchukua. Nimekuja kununua.
Bei gani? Na risiti iko wapi?»

Jibu langu basi, waheshimiwa: liuze.
Duka lisile zaidi ya kumi kwa mia.
Kedi alipe kidogo kidogo.
Anayetaka kutoa bure atoe, lakini kwa maandishi.
Na kila fimbo itajwe aibu yake waziwazi,
maana hicho kipya chenu hakina shahidi;
hivi vikuukuu vinaye, amekaa kwenye kiti chenye mgongo.

Mkikataa, mmechelewa kidogo.
Jana niliweka karatasi ya kaboni, nikaandika:
Mnunuzi, Kagoya Harriet.
Namba saba, moja.
Shilingi elfu arobaini, ametanguliza kumi na tano.
Hali: imetumika. Inavuta kushoto.

Aliisoma yote, hata muhuri.
«Basi nitalenga kulia,» akasema,
akapita langoni fimbo ikiwa begani,
polepole, kwa makusudi, Opolot akimtazama.

Nakala ya pili iko kwenye faili.

Isabirye, dukani.