Mteremko

Mara ya kwanza maji yaligoma,
yakatuama kwenye kona, chini ya dirisha.
Fundi Kiyeyeu hakufoka. Alinipa nyundo.
Nikavunja vigae arobaini na viwili, kazi ya mikono yangu.
Mara ya pili yakafika nusu njia.
Nyundo tena.

Shuleni Tandika waliandika kwa wino mwekundu:
Zamoyoni, hesabu, hafundishiki.
Imebidi nije kwenye bafu hili la Goba,
na uzi, na pimamaji,
nijue kwamba namba hazikunikataa;
nilikuwa sijazipigia magoti.

Leo nimemwaga ndoo.
Maji yakasita kama mgeni mlangoni,
kisha yakateremka, yote, hadi tunduni:
korr.

Magoti yana sugu.
Sikumwita mtu aje kuona.
Nikajaza ndoo nyingine,
nikamwaga.