Sekunde Tisa

Barua inasema: Ijumaa fungua vali.
Lita laki nane, ziende zake.

Miaka ishirini na sita nimeyatunza maji haya.
Kila alfajiri nayapima kama mtoto mwenye homa,
kwa kiganja kwanza, kisha kwa kipimo.
Nje theluji imefika kwenye vitasa vya milango,
humu ndani madirisha yanatoka jasho,
na saa kumi na moja kasorobo wanaingia,
mashavuni bado wana mikunjo ya mito,
hawaniamkii, wanapiga miayo tu,
nami sidai salamu kwa mtu aliyemtangulia jogoo
katika mji usio na jogoo.

Mkuu wa chuo alitutangazia kwa video.
Dakika sita. Nyuma yake rafu,
vitabu vimepangwa kwa rangi.
Alisema "uamuzi mgumu" mara nne,
nilihesabu, ndiyo kazi yangu, kuhesabu,
lakini kuogelea hakukutaja hata mara moja,
wala mieleka, wala mbio za nyika.
Timu tatu nzima akaziita
"baadhi ya programu".

Fedha hakuna, anasema.
Labda. Mfuko wa mwenzio ni kiza.
Ila kwenye kidirisha cha chumba cha pampu
nauona ubao mpya wa matokeo,
mpana kama ghala la ngano,
wa ule mpira wa mikono wanaouita wa miguu.
Usiku kucha unawaka, mechi hakuna,
unaitangazia theluji kwamba tumetoka sare,
sifuri kwa sifuri.

Jumanne baraza likaketi.
Kila msemaji dakika mbili, taa nyekundu, basi.
Kocha Lempi Raukola alisoma takwimu,
sauti ikamkatikia kwenye asilimia.
Mwanamieleka Tadeusz, shingo kama gogo,
alilia, akaomba radhi kwa kulia,
muda wake ukaishia kwenye radhi.

Kisha Marit Kvamme, binti wa mchimba chuma,
aliyefika hapa hajui kugeuka ukutani
bila kujichubua kisigino.
Kofia ya mpira kichwani, mkononi kipande cha boksi:
YADI MIA MBILI, KIPEPEO. TAFADHALI SUBIRINI.
Saa ikaanza. Akanyamaza.

Mjumbe mmoja akatazama simu.
Mmoja akakohoa, akatafuta wa kumwunga mkono kwa kikohozi.
Mama mmoja, chupa ya maji mdomoni,
akaisahau pale pale.
Mimi, nyuma, karibu na makoti,
nilijua yuko wapi.
Sasa anageuka ukuta wa tatu.
Sasa mabega yameanza kuungua.
Sasa hapumui, anaiba tu hewa, kidogo kidogo.

Taa nyekundu.
"Muda umekwisha, binti. Asante."

Hakuondoka.
Muda wake bora ni dakika mbili na sekunde tisa,
niliuandika mwenyewe ukutani kwa chaki.
Moja. Mbili. Mwenyekiti akagonga kalamu.
Tano. Jina la anayefuata likaitwa,
na anayefuata hakuinuka.
Nane.
Marit akanyoosha mkono, akaigusa meza yao
kwa ncha za vidole, vizuri, kama alivyofundishwa,
akaenda kuketi.

Kura saba kwa mbili.
Mmoja wa wale wawili ni yule mama wa chupa.

Maji ukiyavulia nguo, walisema wahenga, huna budi kuyaoga.
Hawakusema ufanyeje
wakiyamwaga nawe umeshavua.

Leo Ijumaa. Ufunguo wa vali u mfukoni,
baridi yake imepenya hadi pajani.
Saa kumi na moja kasorobo.
Nimewasha taa zote.
Kipimo kinasema nyuzi ishirini na saba,
nami kwa kiganja nakubaliana nacho.
Mlango sijaufunga.
Huko nje kwenye theluji
nasikia viatu.